Sungura Wangu Alivyofuzu Kutoruka

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo lenyewe lilitokea katika nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Nilitia kidole gumba kwenye wino nikaahidi, na wino wenyewe ulikuwa wa serikali. Msiitafute kwenye ramani. Haina bahari, haina mlima wa kujivunia, na mto wake mmoja ulihamishiwa wizara nyingine kabla sijazaliwa. Watu wake ni wapole mno, wanapanga foleni hata pale pasipo na dirisha. Na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo mkikutana na upumbavu humu ndani msihangaike kumtafuta mwenyewe. Mwenyewe ndiye anayewasimulia.

Naitwa Bi Somoe. Nimesoma mpaka darasa la saba, na darasa la tano nililipenda nikalirudia. Nafuga sungura. Zamani niliwafuga kwa ajili ya mchuzi, siwafichi, mchuzi wa karanga wenye bilinganya, na mikono ilikuwa hainitetemeki. Kisha akaja Karani.

Nilimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alipenda kutafuna karatasi, na ukimwuliza jambo anakutazama tu huku mdomo unakwenda. Wa kijivu, tumbo jeupe. Siku niliyomtoa bandani kwa nia ya mchuzi, maji yako jikoni tayari, alinichomoka mikononi akaruka kinu, akaruka beseni la nguo, akaruka jiko lenyewe na moto wake, kisha akarudi taratibu akasimama mguuni pangu akainusa ndala yangu, kama mtu anayeuliza: umeona? Nilikuwa nimeona. Siku ile tulikula mchicha.

Tangu hapo kila asubuhi nilimtoa uani, naegesha ufito juu ya matofali mawili, naye anaruka. Sikumfundisha jambo lolote la kuandikwa kitabuni. Ukanda laini kifuani, kamba ndefu iliyolegea. Usimvute, usimnyanyue kwa masikio, akiruka mpe kipande cha karoti, akikataa mwache, huenda kesho atataka. Na akifurahi sana alikuwa anaruka pasipo na ufito wala nini, anajipinda kiuno hewani, anapiga teke upepo, anatua ametazama alikotoka. Ile ndiyo niliyokuwa naamkia. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mbili. Wenzangu wanaamkia redio.

*

Sasa, Mlezi Mkuu wa Taifa letu alisafiri. Hicho ndicho cheo chake. Kile cha Rais alikivua kwa kuwa kilimbana. Alikwenda nchi moja ya baridi kutafuta marafiki wa kutusaidia, na wenyeji wake, kwa kukosa la kumwonyesha jioni ile, wakampeleka ukumbini kutazama watoto wakiwarukisha sungura wao juu ya vifito vya rangi. Watu walikuwa wanashangilia. Mlezi Mkuu alitazama sungura, akatazama watu, akaona jinsi wanavyoshangilia bila mtu kuwasimamia, na jambo hilo likamchoma. Ndege ilipotua nyumbani hakushuka ngazi. Alisimama pale pale mlangoni akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka arobaini tumetembea. Kuanzia leo taifa hili litaruka, na sungura atatangulia."

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Mruko. Ilipewa wakurugenzi wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumshika sungura akiwa hai. Mmoja alikuwa na maradhi ya kupiga chafya akikaribia manyoya, basi yeye wakampa ukatibu mkuu ili akae mbali. Zahanati ya kata yetu ilibadilishwa kibao ikawa Kituo cha Kupima Mruko. Wajawazito waliendelea kwenda pale kwa mazoea, na muuguzi, mama wa watu, hakupenda kuwarudisha mikono mitupu, akawapima mruko.

Mtaani kwetu alikuja Bwana Mtengeti, Afisa Mruko wa Kata. Mtu wa makamo, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate, futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni, muhuri mfukoni. Mwezi mmoja nyuma alikuwa Afisa Nyuki, na bado akisikia mvumo wowote alikuwa anafunika kichwa. Fomu yake ilikuwa na maswali arobaini na moja. Jina la mnyama. Jina la babu wa mnyama upande wa baba. Dini ya mnyama, ambapo aliandika "bado". Picha mbili za pasipoti, masikio yote yaonekane.

Swali la thelathini na tisa liliuliza mnyama anaruka kimo gani. Hapo mtu mwenye akili angejibu kwamba mnyama wake ana ugonjwa wa magoti. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Tena alikuwepo Chausiku, jirani yangu na mjumbe wetu wa nyumba kumi, ameegemea ua baada ya sungura wake kuandikwa sentimita thelathini, na uso wake ulikuwa umejaa hizo thelathini. Sikuweza kuvumilia. Nikasema sitini na mbili. Mtengeti akataka kuona. Nikaweka ufito, Karani akaupita na nafasi ya kiganja ikabaki. Mtengeti akapima mara mbili, akaandika sitini na mbili kwa wino, akagonga muhuri. Chausiku akakumbuka ana maharage motoni. Nilijiona kama nimeruka mimi. Nikamkaribisha afisa chai, nikamkatia na muhogo.

Hivyo ndivyo nilivyomkabidhi Karani kwa serikali, kwa mkono wangu, na kitafunwa juu.

*

Baada ya siku tisa ukatoka Waraka wa Kimo. Chausiku aliusoma mbele ya nyumba zetu kumi, kwa sauti ya kikazi. Ulisema kwamba, kwa kuwa hakuna mtu anayetembea mbele ya Mlezi Mkuu, wala anayekaa kiti kilicho juu kuliko kiti cha Mlezi Mkuu, haitapendeza sungura wa mtu mwingine aruke juu kuliko sungura wa Mlezi Mkuu. Sungura huyo alikuwepo, zawadi kutoka nchi rafiki, ukubwa wake kama mbuzi anayenyonya, na jina lake Fahari ya Taifa. Kimo chake hakikuwa kimepimwa, maana wataalamu walikubaliana kwamba kumpima ni kumtilia shaka. Walikadiria mita moja. Kutoka hapo kila ngazi ya watu ilishuka sentimita mbili. Mwananchi wa kawaida mwenye nyumba ya bati alikuwa ngazi ya ishirini na tano, kwa hiyo sungura wake aliruhusiwa sentimita hamsini. Mwenye nyumba ya nyasi, arobaini na nane. Na sungura atakayezidi kimo chake atahamishiwa Idara ya Lishe.

Fundi wa baiskeli wa mtaa wa pili aliuliza sungura huko Idara ya Lishe wanafanya kazi gani. Mtengeti alijibu kwamba hawafanyi, wanafanyiwa.

Mimi nikahesabu kwa vidole. Hamsini kutoka sitini na mbili. Karani alikuwa amezidi kwa kumi na mbili, na wino ulikuwa umeshakauka.

Nilimfuata Mtengeti ofisini kwake, nikamwomba afute. Akanionyesha muhuri, kwamba umeshagongwa, na muhuri hauna kinyumenyume. Lakini hakuwa mtu mbaya. Aliniambia ipo njia moja. Siku ya Mashindano ya Taifa, mnyama akionyesha mbele ya watu wote kwamba hazidi kimo chake, ile namba ya kwanza itahesabiwa kuwa kalamu iliteleza. Akizidi, basi. Mashindano yalikuwa baada ya mwezi mmoja.

Nikarudi nyumbani kumfundisha Karani kuruka hamsini. Haikuwezekana. Ukiweka ufito hamsini anapita sitini. Ukiweka thelathini anapita sitini. Ukiulaza chini anapita sitini na anajipinda. Yule hakuwa anaruka kimo, alikuwa anaruka furaha, na furaha haikuwemo kwenye waraka.

*

Wakati huo huo, huko juu, kulitokea bahati mbaya. Balozi wa ile nchi rafiki, kwa adabu tu, aliomba kumwona Fahari akiruka. Walimwita kocha. Kocha akamsogeza Fahari mbele ya ufito, Fahari akaweka kidevu juu yake akafumba macho. Wakaushusha ufito. Wakaulaza majanini. Wakamsukuma Fahari kidogo kutoka nyuma, kwa heshima, wakiwa wamevaa glavu. Fahari akapumua. Hakuwa na ubaya wowote, jamani. Alikuwa mzee, amenenepa, anataka kulala. Mimi na umri huu ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo kimo cha Fahari kikatangazwa rasmi kuwa sentimita sifuri. Mtu angedhani waraka ungefutwa. Lakini kwetu waraka haufutwi, unarekebishwa. Walichukua hesabu ile ile wakaanza kushuka kutoka sifuri. Mawaziri, sentimita mbili chini ya ardhi. Wakuu wa mikoa, nne. Sisi wa mabati, hamsini chini ya ardhi. Na kwa kuwa ilikuwa lazima mashindano yafanyike, wachimba mitaro waliitwa uwanja wa taifa wakachimba mfereji kwa kila ngazi. Sungura wako unamtia ndani ya mfereji wake, ufito umelazwa chini kabisa, na anachotakiwa ni kutokuonekana juu ya majani. Akiruka nje, amezidi.

Karani kuruka nje ya mfereji wa hamsini ilikuwa ni kama mimi kuvuka mkeka. Nikaelewa kwamba nikitaka awe hai ni lazima nimfundishe asiruke kabisa.

Nilikaa mkekani na bakuli la karoti. Akiruka, kimya; namrudisha. Akisimama mbele ya ufito akatafakari, kipande kimoja. Akiuzunguka, viwili. Akilala chini, matembele na sifa. Wiki ya kwanza alidhani nimesahau. Aliruka, akaja akanusa mkono wangu mtupu, akarudi akaruka tena juu zaidi, kama vile mimi ni kiziwi na yeye anapaza sauti. Wiki ya pili alianza kunitazama kabla hajaruka. Wiki ya tatu nikiuleta tu ufito, analala. Katikati ya somo nikakumbuka mahali nilipoijua njia hii. Ndiyo waliyotufundishia sisi shuleni. Mimi ilinichukua miaka minane, Karani siku ishirini. Nasema ana akili kunizidi.

Nilimwambia Chausiku kwamba amefuzu. Kisha nikaingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuwa na shughuli navyo.

*

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa na mifereji kuanzia jukwaa kuu mpaka magolini, mgeni asingejua kama tunacheza au tunazika. Tulifika saa moja asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa nane. Jua lilikuwa kali, na sungura hawezi jua, basi nilivua kanga ya juu nikamfunika Karani, nikabaki na shingo yangu iliyokunjamana mbele ya taifa.

Waziri wa Mruko, Profesa Mkangwa, alihutubia. Alieleza kwamba mataifa mengine yanapima mruko kwa kwenda juu, na kwamba huo ni ukoloni wa macho.

"Sisi," alisema, "tumethubutu kupima kwa kwenda ndani."

Tukapiga makofi ya ngazi ya ishirini na tano, yaani kwa vidole.

Fahari aliletwa na gari lake. Wakamweka kwenye mto wa hariri mbele ya ufito uliopakwa rangi ya dhahabu na kulazwa majanini. Akaweka kidevu, akafumba macho. Ikatangazwa: sentimita sifuri, rekodi ya taifa, ya bara, na kwa kuwa hakuna nchi nyingine inayopima hivi, ya dunia. Wakafuata wa mawaziri. Wengi walikaa vizuri, isipokuwa mmoja aliyefanya yale ambayo sungura akitiwa shimoni hufanya. Alichimba akaenda zake. Walipomfukua walimkuta chini ya jukwaa kuu, chini kabisa ya kiti chenyewe, na likazuka swali gumu la itifaki: mnyama aliyepita chini ya Mlezi Mkuu, je, amemheshimu au amemchimba? Kamati iliundwa. Mpaka leo inakaa.

Ikafika zamu yetu. Sungura wa Chausiku, mwenye thelathini zake, hakuwa na wasiwasi, hata angetaka asingeweza kutoka. Kisha akatiwa wa yule fundi wa baiskeli. Alikaa kidogo, akapandisha masikio, na hop, huyo juu ya majani, amesimama kwa miguu miwili anatuangalia wote. Walikuja watu wawili wenye glavu nyeupe wakamchukua, taratibu, kwenye kikapu chenye kifuniko. Fundi aliikunja kamba ya sungura wake vizuri, kunja kwa kunja, akaitia mfukoni, akasimama hapo hapo kama anayengoja kuambiwa aende wapi.

Nikamshusha Karani.

Alinusa ukuta wa mfereji. Akainua kichwa akaona ukingo, na juu ya ukingo akaona anga. Nikaona miguu ya nyuma inajikusanya. Naijua ile misuli kuliko ninavyowajua wajukuu zangu. Kusema ilikuwa imekatazwa, kunyoosha kidole imekatazwa. Karani akageuza jicho akanitafuta. Nikaufungua mkono wangu, mtupu, nikauacha hivyo.

Aliutazama. Kisha akalala chini, uso ukutani.

Uwanja ukashangilia. Hata Mlezi Mkuu alisimama, maana alikuwa hajawahi kuona mnyama mwenye uwezo aliyetulia kiasi kile. Nilipewa Nishani ya Unyenyekevu, Daraja la Tatu, na Karani akapewa ndogo ya kuvaa kwenye ukanda. Mlezi Mkuu alinivalisha mwenyewe, akaniuliza kwa upole nimewezaje.

"Ni kuzoea tu, Mheshimiwa," nikamwambia.

Akacheka. Waliokuwa karibu naye wakacheka pia, kwa kufuata ngazi.

*

Baada ya hapo nikawa mtu mkubwa, na sitawadanganya, nilipenda. Walinipa hati ya Mkufunzi wa Taifa. Kwa miezi miwili uani kwangu walipita walimu, madaktari wapya, waandishi wa magazeti, wanaletwa kwa basi kujifunza kutoruka. Wengi sikuwa na la kuwaongezea. Walikuwa wamekuja wakijua.

Sifuri ikafanywa kuwa Kimo cha Taifa kwa watu wote na viumbe vyote. Kamba za watoto za kurukia zilikusanywa kwa magunia. Harusini watu wakacheza kwa mabega. Vyura walipewa siku kumi na nne.

Na Karani hakuruka tena. Mwanzoni nilisema ni uchovu wa sherehe. Nikamvua nishani, nikamwachia banda wazi. Alilala uso ukutani. Nikauleta ufito, akalala. Nikauvunja ufito mbele yake nikautia jikoni, akalala pale pale ulipokuwa unakaa. Karoti alikula kwa adabu, kama mgeni. Ule mpinduko wake wa asubuhi haukuonekana siku moja, wala wiki, wala mwezi. Kisha siku moja saa tatu niliona anatoka bandani mwenyewe, anavuka ua. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilikuwa imeangusha kivuli chembamba ardhini. Karani akafika kwenye kile kivuli, akasimama, akalala chini.

Pale ndipo nilipojua nilichookoa na nilichokula. Mchuzi ungekuwa na huruma zaidi.

Nikafikiri kwa kichwa changu cha darasa la saba. Karoti imeshindwa, maneno hayajui. Labda akiona mtu anaruka. Na uani kwangu mtu ni mmoja. Nikafunga lango, nikapindua sufuria mbili, nikalaza mpini wa ufagio juu yake, nikafunga kibwebwe, nikasema bismillahi. Mara ya kwanza niliangusha ufagio na sufuria. Mara ya pili nilijiangusha mimi. Mara ya tatu goti likalia kama ukuni mkavu lakini nilipita, miguu yote miwili hewani, kanga moja bega moja, na nilipotua nikamwona Chausiku juu ya ua, beseni kichwani.

"Bi Somoe, unafanya nini?"

"Nafagia."

"Hewani?"

"Vumbi siku hizi linapanda, mwenzangu."

Akatikisa kichwa, akashuka. Karani alikuwa kwenye kivuli cha mtungi. Hakuinuka, lakini sikio moja lilikuwa limesimama.

*

Kesho yake alikuja Mtengeti na fomu, Chausiku nyuma yake amebeba kigoda. Chausiku alinieleza haraka haraka kwamba nisimchukie. Asingepeleka taarifa yeye, angepeleka mwingine, na mwingine angeandika vibaya. Yeye ameandika vizuri, ametaja mpaka kanga kwamba ilikuwa safi.

Kosa lilikuwa kuvuka Kimo cha Taifa. Adhabu kwa mtu ni siku moja ndani ya mfereji wa uwanja, asubuhi mpaka saa kumi, kwa kila sentimita. Kwa mnyama adhabu ni ile ile moja, Idara ya Lishe, haihesabiwi. Ila Mtengeti alisema sheria inataka kosa lipimwe, kwa hiyo itabidi nilirudie mbele ya serikali. Nikapindua sufuria. Chausiku akashika futi upande mmoja. Nikaruka, na safari hii sikuangusha kitu.

Mtengeti akachuchumaa, fomu gotini, akatupa kisogo. Alisema kwa sauti huku akiandika: kumi na mbili.

Nyuma yake Karani akainuka.

Alikuja mpaka pale miguu yangu ilipotua, akapanusa muda mrefu. Akatazama mpini wa ufagio. Nikaona miguu ya nyuma inajikusanya, na hapo nilitamani kumzuia na nilitamani nife kabla sijamzuia. Akaruka. Hakuruka ufagio tu. Alipita juu ya ufagio, juu ya mkoba wa serikali, akajipinda kiuno hewani sawa na kofia ya Mtengeti, akapiga teke upepo, akatua ametazama alikotoka.

Chausiku aliona. Futi ilimtoka mkononi. Akatazama mbinguni akaanza kueleza, taratibu kabisa, kwamba mwaka huu mvua hazieleweki.

Mtengeti akainua kichwa, akauliza ni nini hicho kilichotua. Shingo yake ilianza kugeuka.

"Mwanangu," nikamwambia, "umeandika ngapi hapo?"

"Kumi na mbili, bibi."

"Futa. Ni kumi na tano."

Shingo ikarudi. Akanitazama kwa huruma, akanikumbusha kwamba kila sentimita ni siku moja, na mifereji siku hizi ina maji. Nikamwambia siwezi kudhulumiwa mruko wangu na futi ya kushonea magauni. Akasema kufuta hakuruhusiwi, itabidi ajaze fomu mpya, maswali arobaini na moja. Nikamwambia ajaze, tuna siku nzima. Akainama. Jina. Jina la babu upande wa baba. Karani akaruka tena, na tena, anazunguka ua mzima, anapita juu ya kinu, juu ya beseni, juu ya kivuli cha kamba, ananizomea kwa miguu. Chausiku alikuwa amefika kwenye mvua za mwaka juzi.

Mtengeti alipofika swali la arobaini akataka kufunika kalamu. Nikamwambia nimekumbuka vizuri, si kumi na tano, ni kumi na saba. Akahema, akatoa fomu nyingine. Kisha tukafika kumi na tisa. Mpaka Karani alipochoka mwenyewe akaenda kujinyoosha kando ya mtungi, tulikuwa kwenye ishirini na moja, na wino umekwisha.

Nilizitumikia zote, siku ishirini na moja mferejini, ngazi ya ishirini na tano, maji yananifika kwenye vifundo. Chausiku alikuwa ananiletea uji, na habari za mtu fulani uani ambaye hatukumtaja kwa jina. Watu wanasema nilijitia ushujaa. Wengine wanasema ni majivuno ya uzee. Zile sita za mwisho nakiri, ni za Karani. Lakini kumi na tano za mwanzo niliziruka mwenyewe kwa magoti yangu haya, na anayebisha aje na futi.